Makindu ni Chini

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Ilikuwa kama mtu amemwaga njugu chache kwenye sufuria tupu halafu akaitingisha. Tulikuwa tumepita Makindu, saa nane mchana, Desemba 2022, tukiwa katikati ya kulipita lori la makontena. Kaka yangu alikuwa kwenye usukani. Mimi nilikuwa kando yake na simu mkononi, natafuta wimbo. Nikapunguza muziki.

"Umeskia hiyo?"

"Gani?"

Njugu zikageuka mawe. Gari likatetemeka, likapoteza nguvu, na moshi wa buluu ukajaa barabara nyuma yetu. Dereva wa lori alipiga honi mara moja, fupi, nadhani kwa huruma. Kaka alilitelezesha gari hadi kando ya barabara, akazima injini, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili kama bado anaendesha. Hakuniangalia. Nilijua anachowaza kwa sababu nilikuwa nikiwaza hicho hicho. Mimi ndiye niliyepiga hesabu.

*

Gari lilikuwa la Baba. Ni Corolla Levin, ile ya chesisi AE111, ambayo mteja wake mmoja alimwachia baada ya kushindwa kulipa deni la matengenezo. Chini ya boneti kuna injini ambayo vijana wa magari Nakuru huiongelea kama wengine wanavyoongelea mshambulizi wa Gor Mahia: 4A-GE ya valvu ishirini, kifuniko cheusi. Ni ya cc 1,587 tu. Kila silinda ina valvu tano na mdomo wake wa kuvutia hewa. Toyota waliiandikia nguvu za farasi 165, na inazitoa ikiwa imezunguka mara 7,800 kwa dakika, pale ambapo injini ya matatu ingekuwa imeshaomba msamaha.

Baba alikuwa na gereji upande wa Shabab kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2019 alipata kiharusi. Daktari alisema ni presha, kwamba ilikuwa imepanda miaka mingi bila yeye kujua, na kwamba watu wengi huishi nayo wakihisi wako sawa kabisa. Mkono wa kulia ulilegea. Maneno yalirudi, lakini yalirudi polepole, moja moja, kama mtu anayetafuta spana kwenye sanduku la giza. Kaka alichukua gereji. Mimi nilikuwa nimemaliza fizikia Egerton, pale Njoro, na sikuwa na kazi ila tuisheni za watoto wa fomu tatu na nne, kwa hiyo nikawa natunza vitabu vya hesabu. Baba alikuja kila asubuhi, akaketi kwenye stuli yake mlangoni, akatuangalia tukifanya kazi yake.

Levin ilikaa chini ya turubai miaka mitatu.

Juni 2022 kaka alienda Naivasha kuangalia Safari Rally. Toyota walichukua nafasi nne za kwanza mwaka huo. Alirudi Jumapili usiku akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akaenda moja kwa moja kuvuta turubai.

"Tunaweka supachaja," akasema.

Mtu mwingine angesema tabo. Lakini sisi tulilelewa na hadithi ya Vivio. Mwaka 1993 Subaru walileta Safari Rally vigari vitatu vya Vivio vyenye injini ya cc 658, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa, na kila kimoja kikiwa na supachaja. Kimoja alipewa Colin McRae, Mskoti ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Kimoja alipewa Patrick Njiru wetu. McRae hakumaliza. Njiru alifika, nafasi ya 12 kwa jumla, na akashinda daraja lake. Baba alikuwa kijana wakati huo, na alituhadithia mbio hizo mara nyingi hivi kwamba nilikuwa mkubwa ndipo nikagundua kuna mtu mwingine aliyeshinda Safari mwaka ule.

*

Kwa wale ambao hawajawahi kuinama chini ya boneti, acheni nieleze kidogo, kwa sababu kosa letu liko hapa.

Injini ni pampu ya hewa. Inavuta hewa, inachanganya na petroli, inabana, inawasha. Kadiri hewa inavyoingia nyingi ndivyo unavyoweza kuchoma petroli nyingi, na nguvu ndiyo hiyo. Supachaja ni pampu ya pili inayoilisha ya kwanza kwa nguvu. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, kwa hiyo inaitikia papo hapo ukikanyaga. Muundo wa ile tuliyonunua unatoka karne ya 19, kwa ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, wa Connersville, Indiana. Wao hata hawakuwa na magari akilini. Mashine yao ilikuja kutumika kupuliza hewa kwenye matanuri ya kuyeyushia chuma.

Sasa, kompresheni. Injini ikiwa na kompresheni ya 11 kwa 1, maana yake hewa iliyojaza vikombe kumi na moja inabanwa hadi itoshee kikombe kimoja. Ukishawahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono unajua kinachotokea: pampu inapata moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Ikibanwa kupita kiasi, mchanganyiko wa petroli na hewa hujiwasha wenyewe pembeni mwa silinda kabla moto wa plagi haujaufikia, na mlipuko huo unagonga pistoni kama nyundo. Ndizo njugu nilizosikia.

Kwa hiyo injini yenye kompresheni ya juu tayari imebanwa. Ukiiongezea supachaja unaiingizia hewa iliyokwisha kubanwa, halafu unaibana tena mara kumi na moja. Toyota walilijua hilo. Waliwahi kutengeneza injini ya ukoo huu huu ikiwa na supachaja kutoka kiwandani, 4A-GZE. Ya kwanza, mwaka 1986, waliiteremshia kompresheni hadi 8 kwa 1. Ya mwisho waliiruhusu ifike 8.9. Hawakuthubutu kwenda zaidi.

Yetu ilikuwa 11. Na mimi nilijua. Niliziandika namba hizo kwenye daftari, safu mbili, zikitazamana. Lakini nilikuwa pia nimepata mfano mwingine: Lotus wa Uingereza walichukua injini ya Toyota yenye kompresheni ya 11.5 wakaiwekea supachaja kwenye Exige S, mwaka 2006, na haikufa. Niliushika mfano huo kama mtu anayeshika mstari mmoja wa Biblia akaacha sura nzima. Sura nzima ilisema kwamba Lotus walikuwa na kipoza hewa kati ya supachaja na injini, na wahandisi waliolipwa kukesha na jambo hilo. Sisi tulikuwa na kaka, mimi, na fundi mmoja wa kukereza vyuma.

Kwa nini sikumkataza? Nimejiuliza mara nyingi. Jibu la ukweli ni kwamba nilikuwa nimekaa miaka mitatu kwenye ile gereji nikiandika risiti. Nilipokuwa mdogo Baba alimwita kaka aje ashike tochi. Mimi niliitwa nilete chai. Sasa kwa mara ya kwanza kaka alikuwa amenyoosha kikokotoo kwangu akasema, "Wewe ndio ulisoma hizi vitu. Nipigie hesabu." Singeweza kusema hesabu inasema hapana. Nikatafuta hesabu itakayosema ndiyo.

*

Supachaja tuliitoa Nairobi, Kirinyaga Road, imetumika, SC12 yenye klachi yake ya umeme. Nilitoa shilingi elfu tisini nilizokuwa nimeweka kwa karo ya shahada ya pili. Kaka akatoa zilizobaki. Nilichora puli, fundi akaikereza, ya saizi ambayo ingeifanya supachaja iingize hewa kwa mgandamizo wa mara 1.45 ya ule wa hewa ya nje. Kiasi kidogo tu, nikajiambia. Tulitoa kompyuta ya gari tukaweka nyingine ya mitumba ya kuprogramu, tukaongeza injekta kubwa, tukarudisha nyuma muda wa kuwasha plagi.

Mwezi mzima tuliendesha barabara za hapa usiku kaka akikanyaga nami nikiwa na laptopu mapajani, najaza jedwali: kwa mgandamizo huu, petroli hii, moto wakati huu. Tukaenda Njoro na kurudi. Tukapanda kuelekea Mau Summit, polepole kwenye eneo la Salgaa kwa sababu hakuna mtu wa Nakuru anayecheza na Salgaa, halafu kule juu tukaliachilia. Lilivuta. Wee, lilivuta. Mlima ambao zamani ulikuwa wa gia ya tatu na kelele ukawa wa nne na kimya. Geji ya presha tuliyoipachika kwenye dashibodi ilisoma tano, wakati mwingine tano na kitu. Hakuna njugu. Kaka alinipiga ngumi begani akasema, "Wewe ni noma."

Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu wa nyumbani kwetu. Nililala na sentensi hiyo.

Asubuhi iliyofuata tulimwonyesha Baba. Aliinuka kwenye stuli, akaja taratibu, akaegemea mkono wa kushoto kwenye ukingo wa boneti. Alikaa muda mrefu akiitazama puli.

"Itaenda," akasema. Tukangoja. "Itaenda... wapi?"

"Haiendi mbali Baba," kaka akajibu. "Ni hapa hapa tu."

Baba alifungua mdomo tena. Neno halikuja. Mteja akaingia na Probox yenye gasketi iliyoungua, kaka akageuka, mimi nikafuata kitabu cha risiti. Baba akarudi kwenye stuli.

*

Novemba kaka alipata kazi Mombasa, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara wa kila mwezi, kitu ambacho gereji haikuwa imetupa tangu Baba augue. Aliamua kwenda na Levin. Mimi ningemsindikiza, nione bahari, nirudi na basi. Tuliondoka alfajiri. Baba alisimama langoni, akanyanyua mkono wa kushoto, akaonekana kama ana la kusema. Tulikuwa tumechelewa.

Gilgil, Naivasha, ule mpando wa kutoka bondeni, Limuru, Nairobi. Gari lilikuwa linaimba. Mlolongo, Sultan Hamud, Emali. Joto likaanza kuingia madirishani. Kaka alifungua vifungo viwili vya shati. Kila alipopita lori aliangalia geji. "Sita," akasema mahali fulani, akifurahi. "Inazidi kuamka."

Nilimsikia. Nilisikia neno sita na halikuniambia kitu.

Dereva wa pili wa lori aliyesimama alitufungia kamba akatuvuta kurudi Makindu. Hakutaka pesa ila ya chai. Aliinama akanusa chini ya boneti kama daktari, akauliza, "Hii dude ni ya nini?" Kaka akamwambia. Akatingisha kichwa. "Na joto hii ya huku?"

Makindu kuna gurdwara, hekalu la Masingasinga, lililojengwa 1926 enzi za wafanyakazi wa reli. Msafiri yeyote anaweza kuingia akala bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa, unapewa chapati na dengu na chai, na hakuna anayekuuliza dini yako wala imekuwaje umefika pale ukiwa na grisi hadi kwenye kiwiko. Tulikula bila kuongea. Nilikuwa na kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani na nilitaka kulia kwenye dengu.

"Mpigie Baba," kaka akasema. Ndilo neno lake la kwanza baada ya saa nzima.

Baba alipokea mwenyewe. Nilimweleza haraka haraka, nikitanguliza visingizio: petroli ya njiani, joto, mkanda. Alingoja nikamaliza.

"Mko wapi?"

"Makindu."

Kimya. Nilisikia redio nyuma yake, na jogoo wa jirani.

"Makindu," akasema, "ni chini."

"Chini ya nini, Baba?"

"Hewa... ni nzito... huko."

Nikaelewa yote pale pale, sahani mapajani. Ilikuwa kama mtu amewasha taa kwenye chumba nilichokuwa nimekaa miezi sita.

*

Nakuru iko mita kama 1,850 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi. Ukiipima kwa psi, kipimo kile kile cha tairi, inatusukuma kwa psi 11.7 hivi. Mombasa, usawa wa bahari, ni 14.7. Maana yake injini yoyote isiyosaidiwa ikiwa Nakuru inapumua hewa pungufu kwa moja ya tano. Zile farasi 165 za Toyota hazijawahi kuishi kwetu. Hapa zinabaki kama 130.

Sasa chukua puli yangu. Mara 1.45. Nakuru: 11.7 inakuwa 17. Ukilinganisha na hewa ya kawaida ya Mombasa, tulikuwa tumeongeza psi mbili na kidogo tu. Supachaja yetu yote, elfu tisini zangu na za kaka, ilikuwa kwanza inalipa deni la mwinuko, halafu inatupa chenji. Ndiyo sababu injini ya 11 kwa 1 ilivumilia. Haikuwa akili yangu. Ulikuwa mlima.

Makindu iko karibu mita 1,000. Hewa huko ni kama psi 13. Mara 1.45, karibu 19. Ongeza joto la saa nane mchana. Jedwali langu la kompyuta liliishia 17, kwa sababu Nakuru hatukuwahi kufika juu zaidi ya hapo, kwa hiyo safu zilizofuata hazikuwa zimejazwa na mtu. Kompyuta iliendelea kutumia namba ya mwisho iliyoijua. Petroli ile ile, moto ule ule, hewa zaidi. Tungefika Mombasa ingekuwa 21.

Na geji? Geji haikudanganya. Geji ya aina ile huhesabu kuanzia hewa ya pale uliposimama. Sifuri yake ya Nakuru si sifuri ya Makindu. Kutoka tano na kitu hadi sita inaonekana ni hatua moja ndogo, kumbe sakafu nzima imeinuka chini yake. Mimi, mwenye digrii, sikujiuliza sifuri iko wapi.

Baadaye nilisoma kwamba wenzetu walilijua jambo hili zamani sana. Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani, Sanford Moss, alipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, mita 4,300, kuonyesha kwamba tabo yake inaweza kuirudishia injini nguvu inazopoteza huko juu. Vifaa hivi vilipata umuhimu wake mkubwa kwenye ndege, kwa ajili ya kurudisha kilichochukuliwa na anga. Rubani alijua kwamba akishuka lazima apunguze. Sisi tulishuka mita 850 tukiongeza sauti ya muziki.

Lakini hata bila Pikes Peak, jibu lilikuwa limekaa kwenye stuli mlangoni. Nilipokuwa darasa la nne hivi, enzi za kabureta zikiwa bado hazijaisha, watu wa Pwani walileta magari kwa Baba yakitoa moshi mweusi. Gari lililokuwa sawa Mombasa, likifika Nakuru linakunywa petroli nyingi kuliko hewa. Baba alifungua kabureta, akatoa jeti, akaweka ndogo. Ile kubwa aliifunga kwenye karatasi akamkabidhi mwenye gari: ukirudi chini, rudisha hii, la sivyo utachoma injini. Niliona jambo hilo kwa macho yangu nikiwa nimebeba chai. Ni somo lile lile la psi 11.7 na 14.7, bila kikokotoo.

"Itaenda wapi?" aliuliza. Swali zuri kuliko yote aliyowahi kuuliza mtu kuhusu lile gari. Sisi tulidhani mgonjwa anaongea pole pole kwa sababu anafikiria pole pole.

*

Gari lilirudi Nakuru mgongoni mwa lori. Tulifungua injini Januari. Pistoni ya tatu ilikuwa imemeguka pale ringi inaposhikilia, na vipande vyake vilikuwa vimechora ukuta wa silinda. Safari hii Baba hakukaa mlangoni. Tulisogeza stuli hadi kando ya meza ya kazi. Alishika pistoni kwa mkono wa kushoto, akaipeleka kwenye mwanga, akanipa mimi. Si kaka. Mimi.

"Gusa."

Nikapitisha kidole pale palipovunjika. Pale pembeni palikuwa na vidoadoa vidogo, kama chuma kimepigwa mchanga. Akangoja. Nilijifunza siku hiyo kwamba ukimngojea Baba, maneno huja. Yanachukua muda wa kuchemsha maji ya kikombe kimoja, basi. Tulikuwa tumemnyima muda huo kwa miaka mitatu.

"Hii," akasema, "ilikulilia... tangu Emali."

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kufanya walivyofanya Toyota: kutafuta pistoni za kompresheni ya chini, turudishe supachaja, tujaze jedwali upya hadi mwisho, tuweke kipoza hewa. Inawezekana. Watu wanafanya. Kaka aliitaka hiyo, na kazi yake ilikuwa imekubali kumngoja mwezi mmoja tu. Ya pili ilikuwa kuirudisha injini jinsi ilivyozaliwa. Hatukuwa na pesa za ya kwanza. Sitasema tulichagua kwa hekima.

Silinda zilisafishwa, pistoni za saizi ya juu kidogo zikaingia, kompresheni 11 kwa 1 kama mwanzo. Baba aliongoza kila hatua kwa kidole na kwa neno moja moja, nami ndiye niliyekaza boliti za kichwa, kwa mpangilio alionionyesha, kuanzia katikati kwenda nje. Kaka alishika tochi. Tuliliona hilo wote wawili kwa wakati mmoja tukacheka hadi Baba akauliza kuna nini.

Kaka aliondoka mwisho wa Januari, peke yake. Mimi na Baba tulisimama langoni. Safari hii alikuwa ametaka kusema jambo na tukamngojea, injini ikinguruma, jua likichomoza.

"Ukifika," akasema. "Piga."

Kaka alipiga usiku. Nikaweka spika ili Baba asikie. Kulikuwa na upepo, na watu wengi, na mtu akiuza kitu kwa sauti.

"Mmefika wapi?" nikauliza, nikimaanisha yeye na gari.

"Mtaa wa Makupa. Wee, mnajua nini? Hii gari huku inavuta. Haki ya Mungu. Kutoka Mariakani kuteremka sikuamini. Ni kama bado iko na supachaja."

Nilimwangalia Baba. Nilikuwa naweza kuieleza. Namba zote ninazo, nimezirudia usiku mwingi kuliko ninavyotaka kukiri. Lakini nilikuwa nimejifunza. Nikamwachia nafasi. Akapumua, akatafuta neno, akalipata.

"Mwambie," akasema, na upande mmoja wa uso wake ukatabasamu, "hiyo ya huko... ni ya bure."

Supachaja iko kwenye rafu ya juu, gereji, imefungwa kwenye gunia. Kila wiki kijana mmoja huja kuuliza kama inauzwa. Huwa namuuliza gari lake ni gani, kompresheni ni ngapi, halafu namuuliza linaenda wapi. Akianza kujibu haraka, namwambia avute stuli.